Niliwaonyesha filamu kule Muheza, nikajuta, halafu sijui

Mmeuliza wiki hii: filamu au dokumentari gani ya Kiingereza ya miaka ya karibuni, ya hawa watengenezaji wadogo sio studio kubwa, ungemwonyesha ndugu yako nyumbani ili aijue Uingereza ilivyo? Jibu langu hakuna. Nilishajaribu, sirudii.

Sasa niseme kwa nini, na mnivumilie maana nimetoka zamu ya usiku.

Mimi ni mbeba maboksi kama mnavyotuita sisi tunaofanya vibarua Ulaya, ila boksi sijawahi kubeba hata moja. Nafanya kea, huku kaskazini, mwaka wa nane sasa. Naingia nyumba za wazee, naogesha, nalisha, nabadilisha pedi, natoka nakimbilia nyumba nyingine. Nyumbani wanajua nafanya kazi "ya hospitali". Uongo sikusema, ila kusahihisha nako sikusahihisha, na ukituma laki mbili mtu anaona umemnyima tatu.

Ndo maana nilipoona Sorry We Missed You ya mzee Ken Loach nikasema hii hapa. Ni ya 2019, imepigwa Newcastle, ameandika Paul Laverty, walewale wa I, Daniel Blake iliyochukua Palme d'Or, tuzo kubwa ya tamasha la filamu la Cannes, 2016. Baba anasambaza vifurushi, mama ni kea. Kea kabisa, na basi lake na simu yake ya bosi inayolia akiwa stendi. Mi nilikuwa sijawahi kujiona kwenye filamu, nyie acheni tu.

Basi Desemba 2022 nikaenda likizo Muheza na laptopu, nikasema leo watajua. Hotuba sikutaka kutoa, nilitaka waone wenyewe, ili mtu akija na habari za bati na saruji nisijieleze sana. Tukaunganisha na TV sebuleni kwa mama baada ya isha, luku nikanunua mwenyewe ya kutosha. Walikuwepo mama, shangazi alikuwa ametoka Korogwe, baba mdogo, watoto wa jirani ambao hakuna aliyewaita, na mpwa wangu wa bodaboda.

Tatizo la kwanza lugha. Kiingereza cha kule mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilikuwa naitikia tu yesi, yesi, hata nikiulizwa jina. Mpwa akajitolea kutafsiri. Kiingereza chake cha form four, ila kakulia vibanda umiza huyu, kwa hiyo akasimama pembeni ya TV akakoroma sauti kama wale madijei wa filamu za Kichina, na dakika kumi hazijaisha baba wa watu Ricky kashakuwa "dereva wetu" na yule Maloney, bosi wa depo, kawa "tajiri". Nusu ya maneno alikuwa anatunga. Nikafungua mdomo nimsahihishe nikaona mbona hakosei.

Maana Ricky anaambiwa hapa hatukuajiri, unajiunga na sisi, wewe ni bosi wako mwenyewe. Mkewe Abbie inabidi auze gari lake ili kipatikane kianzio cha van, na kuanzia hapo yeye wagonjwa wake anawafuata kwa basi. Kila kifurushi kina muda wake. Kuna kimashine anatembea nacho kinajua aliko kila dakika. Asipokuja, anadaiwa. Hapo mpwa akaacha udijei, akageuka kunitazama.

"Mamdogo, hii si boda ya mkataba hii?"

Nikamwambia ndo hiyo, pikipiki ya tajiri unayoilipia hesabu mpaka iwe yako. Hesabu iko palepale, uumwe, inyeshe, ufiwe, mpaka siku mkataba unaisha na pikipiki nayo imeisha. Kuanzia pale yule mtoto hakutania tena, akawa anatafsiri kwa hasira, mpaka matusi ambayo hayakuwemo.

Ila wengine sasa. Baba mdogo akasema, "Lakini gari analo." Shangazi akaanza kuhesabu, friji, mashine ya kufulia, zulia mpaka kwenye ngazi, watoto wawili kila mmoja na chumba chake. "Hawa ndo maskini wa Ulaya?" Nikaanza kueleza habari za kodi, hiyo nyumba sio yao, gesi inalipiwa, nikajisikia mwenyewe navyoongea nikaona nafanana na mtu mchoyo anayejitetea, nikanyamaza. Nilikasirika jamani. Nimesafiri na ushahidi kutoka Ulaya na ushahidi umenigeuka.

Mama alikuwa kimya muda wote. Ikafika pale Abbie yuko kwa bibi mmoja, na yule bibi ndo anamchana nywele Abbie, mgonjwa anamchana mlezi. Mama akauliza, "Huyu bibi hana watoto?" Nikamwambia ni filamu mama, ila wengi ninaowahudumia mimi watoto wanao. "Wako wapi?" Kazini. "Na kazi yako ndo hii?" Nikasema ndio. Akarudi kutazama TV.

Mwishoni Ricky anapigwa na vibaka kazini, kimashine kinavunjwa, na bado anaambiwa atakilipa, pauni 1,000. Abbie ambaye filamu nzima hatukani anachukua simu anamtukana yule bosi pale pale hospitali, halafu anaona aibu. Asubuhi Ricky na jicho limevimba anapanda van kwenda kazini, familia inamzuia, anaondoka. Imeisha. Watoto wa jirani wakabaki wanasubiri pati tuu. "Steringi anapigwa halafu harudishi?"

Usiku nachomekea chandarua cha mama, akaniambia, wala hakuwa na hasira, "Kwa hiyo unawaogesha mama za watu." Basi. Akageukia ukutani akalala. Nilikuwa bado na siku kumi na moja za likizo.

Ndo maana nasema hakuna. Ukilazimisha, zipo nyingine. Bait ya Mark Jenkin, 2019, ya kule Cornwall, mvuvi hana boti kwa sababu boti ya baba yao kaka yake ameigeuza ya kutembezea watalii, na nyumba ya wazazi imenunuliwa na watu wa mjini wakatundika makamba kama mapambo. Mtu wa Pangani au Nungwi hiyo hahitaji dijei. Ila haina rangi, baba mdogo angesema TV imeharibika. Rocks ni ya mabinti wa Hackney, London, mama ameondoka nyumbani na binti anamficha mdogo wake ili watu wa ustawi wa jamii wasiwatenganishe. Bukky Bakray, aliyecheza binti huyo, alipata BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, ile ya nyota chipukizi, mwaka 2021 na alistahili. Aftersun ya Charlotte Wells, baba na binti likizoni Uturuki, wanasema ni bora kuliko zote, mi nililala, nikaamka nikalia na sijui nililia nini.

Na ipo dokumentari, A Bunch of Amateurs, 2022, hii nimeiona juzijuzi. Wazee wa Bradford wana klabu yao ya kutengeneza filamu toka 1932, kodi ya jengo imewashinda, ila wanagombania kamera na mmoja anataka aonekane juu ya farasi kama steringi. Ni wazee wa rika la ninaowaogesha, ila humo hamna anayewaogesha, wana ratiba zao. Nilicheka peke yangu kwenye basi. Nilitaka niandike kwamba hii ndo ningemwonyesha mama.

Lakini ningekuwa namdanganya tena, sindio? Kwa hiyo haya, andikeni Sorry We Missed You. Ila usikae na wazazi, au kama utakaa nao uwe umeshasema mwenyewe kazi yako kabla filamu haijasema. Dijei awe mtu wa boda. Na usitegemee maombi ya hela yatapungua, kwangu hayajapungua hata shilingi, shangazi ile bati nilimnunulia.

Mama hajawahi kuniuliza tena kuhusu Ricky wala van. Ila akipiga simu, baada ya salamu zote, anauliza, "Na yule bibi wa nywele, anaendeleaje?" Mwanzo nilikuwa namweleza mama yule ni muigizaji. Siku hizi namwambia hajambo, anakusalimia.