Vijana wa magunia wanaumia mgongo, ninunue mikanda?

SWALI: Habari daktari. Nasimamia stoo ya mahindi huku Kisenyi, Kampala. Vijana wanapakia lori magunia ya kilo 100, sasa wawili wanalia mgongo na mmoja mguu unamchoma toka kiunoni mpaka kwa kidole. Bosi anataka kuwanunulia ile mikanda mipana ya kiunoni, itasaidia kweli?

JIBU: Habari ndugu yangu. Tuanze na huyo wa mguu, maumivu yakishuka hivo mara nyingi mshipa wa fahamu umebanwa, asibebe kitu mpaka aonwe hospitali, na kama mguu unalegea ama anapata ganzi kwa mapaja ndani na sehemu za siri ama mkojo umegoma, apelekwe siku hiyohiyo hata kama ni usiku.

Mikanda mwambie bosi aache. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, waliangalia hii kitu 1994 wakasema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba inamkinga mtu ambaye hajaumia, halafu 2000 ukatoka utafiti wao kwa wapanga bidhaa wa maduka makubwa, na mikanda haikupunguza maumivu ya mgongo. Mimi naogopa zaidi kwamba kijana akishaifunga anajiona amekingwa, anaongeza mzigo.

Shida iko kwa gunia lenyewe na mahali linaponyanyuliwa. Hesabu ya NIOSH ya uzito wa kunyanyua inaanza na kikomo cha kilo 23, na hiyo ni mzigo ukiwa umegusana na mwili, mikono iko sentimita 75 toka chini, hujipindi, unashika vizuri na hurudii sana. Mzigo ukisogea mbele mpaka sentimita 50 toka vifundo vya miguu, kikomo kinakuwa nusu, kilo 11 na nusu, na ukiuokota chini sakafuni inabaki kama 9 tu. Sasa gunia la 100 hata wakilishika wawili kila mmoja ana 50, tena wameinama, tena wanageuka na kiuno kulirusha kwa lori! Hakuna mkanda wa kuokoa mgongo hapo.

Najua bosi atasema wateja wanataka gunia la 100. Basi lisibebwe, lisukumwe. Toroli ya magurudumu mawili, na jukwaa la kimo kimoja na bodi ya lori, la saruji ama la mbao nzito, ndo toroli iingie moja kwa moja, ule ubao mwembamba wa kupandia uondoe kabisa manake mtu akiteleza na gunia shingoni amekwisha. Magunia yapangwe juu ya paleti, la chini liwe limeinuka, na rundo lisipite mabega. Kwa mahindi mnayofunga wenyewe tumia ya 50 ama 25, ila hata hiyo 50 ni ya toroli.

Halafu malipo, hapa wengi hawapagusi. Kama kijana analipwa kwa gunia hatapumzika hata umwambie vipi, atakimbizana mpaka mgongo ukatae, kwa hiyo ongea na bosi walipwe kwa siku na wapokezane, huyu anapakia yule anashona midomo ya magunia. Sheria ya Uganda ya usalama na afya kazini ya 2006 inamdai mwajiri awalinde wafanyakazi wake, si hisani.

Hela ya mikanda ianzie kwa toroli. Kabla fundi hajaanza jukwaa waulize vijana wenyewe ni gunia lipi linawatesa zaidi, wao ndo wanajua.