Harakati zinakula swala: panga hivi

Dada, nimekuelewa: unatetea wanaofukuzwa kwenye ardhi hapo Mombasa, vikao vinakula Adhuhuri na Alasiri, na usiku umechoka hata dua haitoki.

Anza na ratiba. Pwani yetu Adhuhuri huingia karibu saa sita na nusu na kubaki hadi Alasiri, takriban saa tatu nzima, kwa hiyo omba mapumziko ya dakika 15 yaandikwe kwenye ajenda mapema. Beba chupa ya nusu lita, inatosha kutawadha ukiwa makini. Kuchanganya swala (kuziswali mbili kwa wakati mmoja) katika madhehebu ya Shafii ni hasa kwa safari ndefu, takriban kilomita 80 au zaidi, kama ya kwenda Lamu. Kikao cha mjini si udhuru.

Kabla ya uamuzi mzito, swali swala ya istikhara, ya kumwomba Mungu akuongoze, rakaa 2. Ila usingoje ndoto ikujibu: shauriana na wakili, kisha amua. Wapo wanaokwama hapa, wakaahirisha kesi mpaka muda wa rufaa ukapita.

Tahajudi, swala ya usiku wa manane, ni tamu, lakini lala kwanza. Usingizi ukikukimbia wiki mbili, au hofu ikikubana kifua, muone daktari pamoja na dua zako.