Ukiandika wasifu wa fundi, anza na kazi zake

Wasifu wa marehemu unaosomwa kwenye misiba yetu hapa Dar es Salaam karibu wote una sura moja. Alizaliwa mwaka fulani, mtoto wa ngapi kati ya wangapi, akasoma shule fulani, akaoa, akajaliwa watoto, akaugua, akafariki. Muda umebana, magari ya kwenda makaburini yameshapangwa, msomaji anakimbiza karatasi. Fundi aliyezunguka nchi nzima kutafuta riziki anastahili zaidi ya hapo. Nasema hivyo kwa sababu niliandika wa baba yangu, na tangu hapo majirani zangu wa Temeke huniita wakifiwa na wazee wao.

Baba alikuwa seremala. Watu wa Keko walimjua kwa vitanda vya mninga na makabati, lakini Keko ilikuwa mwisho wa safari yake. Kabla ya hapo alishafanya kazi Mlimba, Makambako, Mbeya, akavuka Tunduma kwenda Zambia, na baadaye Dodoma. Sisi wanawe tulikuwa na sentensi moja tu kuhusu miaka hiyo yote: "Baba alifanya kazi reli."

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: ukishapewa kalamu, usianze na ndugu. Ndugu wanamjua alivyokuwa nyumbani, na fundi wa kusafiri nyumbani alikuwa anapita. Toka nje, kaa chini ya turubai, uliza nani hapa aliwahi kufanya naye kazi. Mimi nilimpata mzee mmoja wa Buguruni aliyekuja na fimbo yake akakaa nyuma kabisa, hakuna aliyemjua. Ndiye aliyenieleza kwamba baba alikuwa kwenye vikosi vya maseremala wa TAZARA, ile reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kwa msaada wa China; wao ndio waliokuwa wanapiga mbao za kushikilia zege la madaraja na nyumba za vituo. Ujenzi ulianza 1970, reli ikakabidhiwa 1976, kilomita 1,860 kutoka hapa hadi Kapiri Mposhi. Hayo yako vitabuni. Mzee yule alinipa yasiyo vitabuni: kati ya Mlimba na Makambako, pale reli inapopanda kutoka bonde la Kilombero kwenda nyanda za juu, mahandaki yanafuatana, mchana wa bondeni walivua mashati na usiku wa mlimani walilala na makoti. Fundi Mchina alikuwa akichora kwa penseli juu ya ubao, baba anaangalia, anakata. Lugha yao ilikuwa ule mchoro.

Hapo ndipo nilipoielewa randa yake. Nyumbani kulikuwa na randa ya mbao yenye kijiti kilichokatiza mgongo wake, unakishika kwa mikono miwili, kushoto na kulia, unaisukuma mbele. Randa za maseremala wengine wa Keko hazikuwa hivyo. Ile ni randa ya Kichina. Aliizoea alipokuwa kazini reli na hakuiacha mpaka macho yalipomshinda.

Ndiyo maana nasisitiza sana: sanduku la vifaa lisigawiwe kabla halijapigwa picha. Kwenye misiba ya mafundi vifaa ndivyo vinavyotangulia kuondoka. Mpwa anachukua msumeno, kijana wake wa kazi anachukua patasi, mwingine anaomba pima maji "ya kumbukumbu". Wape, ni haki yao, na vifaa vitafanya kazi. Ila kwanza vipange juu ya mkeka, piga picha kimoja kimoja, na muulize yule kijana wake kila kimoja kilitoka wapi na kilifanya kazi gani. Vijana wa karakana wanajua mengi kuliko watoto wa kuzaa, maana wao ndio waliokaa naye kutwa nzima.

Miaka itakusumbua. Wazee wengi hawakumbuki tarehe, wanakumbuka matukio, nawe tumia hayo hayo. Uliza: ilikuwa kabla ya vita vya Kagera au baada? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshavunjika? Vita vilianza 1978, Jumuiya ilivunjika 1977, kwa hiyo jibu moja tu linakupa mahali pa kusimama. Kwetu mama alisema walihama kwenda Dodoma "serikali ilipotangaza kuhamia kule", nasi tukajua ni kuanzia 1973 na kuendelea, na kwamba baba huenda aliingia na kutoka reli zaidi ya mara moja. Pasipo na uhakika, andika "miaka ya sabini" uendelee.

Sasa jambo zito. Mwanaume aliyeishi kambi kwa kambi anaweza kuwa na mtoto mahali ambako familia ya hapa haijawahi kufika. Likijulikana, lisemwe ndani, wazee wakae na mama mapema, kabla karatasi haijasomwa hadharani. Mtoto akishakubalika, jina lake liandikwe pamoja na ya wenzake, kwa mpangilio wa kuzaliwa, bila maneno ya pembeni. Nimeona msiba ukivurugika kaburini kwa sababu ya jina lililorukwa, na aliyeumia zaidi alikuwa kijana aliyesafiri usiku kucha kwa basi kuja kumzika baba yake.

Halafu kuna daftari. Kila fundi analo, la kipimo na malipo ya awali. La baba lilikuwa na kitanda cha tano kwa sita kilichokwisha kupigwa msasa kikisubiri vanishi, na mlango ambao mbao zake zilikuwa hazijanunuliwa ingawa mteja alishatoa nusu. Lile tangazo la "anayemdai marehemu aione familia" kwa fundi lisiwe la desturi tu. Pitia daftari, wapigie wateja wewe mwenyewe kabla hawajakupigia, kisha mkubaliane: kazi imaliziwe na vijana wake, au hela irudi. Heshima ya jina lake mtaani iko hapo kuliko kwenye hotuba yoyote.

Pale Gongo la Mboto kuna makaburi ya Wachina waliofariki wakijenga reli ile. Yanatunzwa vizuri, majina yamechongwa, kila mwaka watu huenda kuweka maua. Naliheshimu sana jambo hilo, na linanipa uchungu pia, kwa sababu wenzao wa hapa waliobeba mbao zile zile wametawanyika kwenye makaburi ya vijijini na ya mitaani, na kazi zao hazikuandikwa popote isipokuwa sisi watoto tuziandike.

Kama mzee wako bado yupo, usimwambie "nisimulie maisha yako". Atakujibu maisha ni haya haya. Mpe kifaa chake mkononi, muulize alikipata wapi na cha kwanza alichotengeneza nacho kilikuwa nini. Washa simu irekodi, iweke pembeni, mwache aongee mpaka achoke mwenyewe. Majina ya vituo na ya watu usiyoyasikia vizuri, mrudie kesho yake asubuhi akiwa amepumzika, uyaandike akisikia.