Besi ya 62, Ni ya 1962 Kweli? Maswali Yenu Kutoka Arusha na Moshi

SWALI: Kaka habari za kazi. Napiga besi kwaya ya kanisani huku Sakina, Arusha. Kuna jamaa anauza gita la besi, Fender Jazz Bass, anasema ni ya 1962, rangi imechubuka kabisa, na risiti aliyonayo imeandikwa 62. Anataka hela ndefu. Besi naipenda ila naogopa kupigwa. Nitajuaje kama ni ya zamani au ni riishu?

JIBU: Nzuri mdogo wangu, na umefanya la maana kuuliza kabla hujatoa hela. Kwanza tuelewane, riishu sio feki. Ni Fender halali kabisa, kampuni yenyewe imetengeneza upya besi kwa ramani ya mwaka fulani. Walianza kuzitoa 1982, Marekani na Japani, wakaziita 57 na 62, kwa hiyo hiyo 62 ya kwenye risiti inaweza kuwa jina la modeli tu na besi yenyewe imetoka kiwandani miaka ishirini au arobaini baadae, na hapo ndipo watu wanapopigwa.

Rangi iliyochubuka isikubabaishe, siku hizi kuna besi zinachubuliwa kiwandani makusudi. Mwambie jamaa mfungue. Legeza nyuzi, toa zile skrubu nne za nyuma, shingo itoke, angalia kisigino chake, yaani ile ncha inayoingia kwenye bodi, enzi zile walikuwa wanaandika tarehe kwa penseli au kugonga muhuri. Kisha fungua bati la vinobu vya sauti uangalie mgongo wa poti, kile kidude cha umeme kilicho chini ya kinobu, na tochi ya simu. Utaona namba imegongwa pale: tarakimu tatu za mwanzo ni kiwanda, 137 ni CTS na 304 ni Stackpole, zinazofuata ni mwaka na wiki, yaani 3046218 ni Stackpole ya mwaka 1962 wiki ya 18. Poti zinabadilishwaga na mafundi, kwa hiyo usitegemee hiyo peke yake, ilinganishe na kisigino. Namba ya bati la shingo ikianza na V hiyo ni riishu ya Marekani, ikianza na JV ni ya Japani za mwanzo mwanzo. Jamaa akikataa kufungua mwachie besi yake.

Vinobu navyo vinaongea. Jazz Bass ilivyotoka 1960 ilikuwa na vinobu viwili vya ghorofa, kimoja juu ya kingine, kila pikapu, yaani sumaku inayonasa sauti ya nyuzi, na volume yake na toni yake. Kufika kama 1962 wakahamia vitatu, volume mbili na toni moja ya wote. Sasa riishu ya 62 ya Marekani ikachukua vya ghorofa na ile ya Japani ikaja na vitatu, zote mbili zinaitwa 62 na zote zina haki.

Na ukikutana na riishu ya 75 chukua rula. Miaka ya 70 pikapu ya nyuma ilisogezwa kuelekea brichi, pale nyuzi zinapofungwa kwenye bodi, kama milimita 10, sauti ikawa kali zaidi, inang'ata. Kutoka katikati ya pikapu moja mpaka katikati ya nyingine, za miaka ya 60 ni kama milimita 92 na za 70 ni kama 102. Kuna riishu zina sura yote ya 75, vipande vya lulu kwenye fretibodi, ule ubao wa juu ya shingo unaobonyezea nyuzi, na kila kitu, ila pikapu ipo pale pale pa miaka ya 60, ndo maana nasema pima, usisome jina tu.

Kwa kwaya, kwa maoni yangu, riishu nzuri inakutosha kabisa. Shingo ni ile ile nyembamba ya milimita 38 pale nati, yaani pale shingo inapokutana na kichwa, na hela inayobaki itakununulia ampu ya maana. Hela ya 1962 halisi unailipia umri.

SWALI: Mimi ni mzee wa Majengo, Moshi, nilipiga dansi miaka ya 70. Kijana wangu kaninunulia Precision, besi nyingine ya Fender, riishu ya 62. Nzuri, lakini inalia ndefu sana, haina ule mdundo wa "dum" ninaoukumbuka. Na sioni pa kukazia shingo.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Besi yako haina shida, ni nyuzi. Precision za zamani zilikuja na nyuzi bapa, zile laini zisizo na mikwaruzo, na chini ya kile kifuniko cha chuma cha brichi kulikuwa na kipande cha sponji kinabana nyuzi. James Jamerson, mpiga besi wa studio ya Motown kule Marekani, alipiga hivyo hivyo, Precision ya 1962, nyuzi bapa nene, sponji, tena kwa kidole kimoja tu cha shahada. Wewe weka nyuzi bapa, kata kipande cha sponji ya godoro ukiingize chini ya nyuzi karibu na brichi, kiguse tu kisikandamize. Dum yako itarudi leo leo.

Pa kukazia shingo papo, ila pamejificha kwenye kisigino kama besi za zamani, sio kichwani kama nyingi za kisasa. Inabidi kulegeza nyuzi na kuitoa shingo au kuinyanyua kidogo, unakaza robo mzunguko, unarudisha, unaangalia. Shingo husogea hali ya hewa ikibadilika, jua kali la Januari sio sawa na masika, kwa hiyo mzee mwachie kijana hiyo kazi.

SWALI: Fundi mbao, Moshi. Fretibodi ya besi ya mteja imepasuka, anataka rosewood ya Brazil, ule mti mweusi mwekundu, kama ya zamani. Naipata wapi?

JIBU: Usiitafute. Tangu 1992 biashara yake ya kimataifa imebanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini, na riishu zenyewe nyingi zinatumia rosewood ya India. Wewe uko Moshi, unao mpingo, ambao ni jenasi ile ile ya Dalbergia, mzito na mgumu kuliko hiyo anayoitaka. Chukua uliokatwa kihalali na uliokauka vizuri, risiti uitunze maana mteja akisafiri nayo anaweza kuulizwa, na msumeno uwe mkali.