Nyota hupatwa, hazipatani

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili hapa Nairobi. Mwanafunzi wangu ameandika insha kuhusu Algol, ile nyota inayofifia kisha ikarudia mwanga wake, kwa kuwa ndani yake mna nyota mbili zinazozungukana, akasema: "Nyota hizo mbili hupatana kila baada ya siku tatu." Nilipolikata neno "hupatana" aliniuliza: ikiwa jua hupatwa, na hapa ni nyota mbili zinazofanyiana jambo lilo hilo, kosa liko wapi? Sikuwa na jibu la kumtosheleza. (Mwalimu, Buruburu)

JIBU: Mwalimu, ulifanya vyema kulikata, naye alifanya vyema kuuliza. Amefuata mnyambuliko kama alivyofundishwa: piga, pigwa, pigana, basi pata, patwa, patana. Tatizo ni kwamba "patana" lilijitenga na "pata" zamani. Ukienda Gikomba kununua koti la mtumba, wewe na muuzaji mkishapatana, bei imekubaliwa na koti ni lako. Ndugu waliokosana hupatanishwa na wazee. Kwa hiyo msomaji wa insha ile ataelewa kwamba nyota zimesikilizana.

"Patwa" nalo lina njia yake. Mtu hupatwa na homa, na msiba, na ajali: jambo limemfika bila yeye kulitaka. Ndivyo jua lilivyopatwa tarehe 3 Novemba 2013, likazibwa lote kule Turkana, na kwa sehemu tu hapa Nairobi. Kinachopatwa ni kile kilichofunikwa. Mwezi uliolifunika jua siku ile haukupatwa na lolote. Na "patwana" halipo, kwa sababu kiambishi cha kutendwa hukaa mwisho wa shina na hakikubali -an- baada yake. Hatusemi "pigwana" wala "ibiwana".

Kwa hivyo mwanafunzi aandike "hufunikana". Hapo kauli ya kutendana inafaa kabisa, kwani katika Algol kila nyota humfunika mwenzake kwa zamu. Lakini macho yetu hayaoni zamu zote mbili. Nyota hafifu inapopita mbele ya ile angavu, mwanga hupungua hadi takriban theluthi moja ya kawaida. Angavu inapoifunika hafifu, upungufu ni mdogo mno hata jicho halitambui. Akitaka kueleza kile anachokiona akiwa uani kwao, na aseme: "nyota angavu hupatwa." Maana hiyo ilikuwamo tangu mwanzo: mwaka wa 1783, John Goodricke wa York, kijana kiziwi wa miaka 18, alipendekeza kwamba huenda kuna kitu chenye giza kinachoizunguka Algol na kupita mbele yake.

Nyakati za vitenzi pia zina kazi hapa, nami napenda wanafunzi wazione. Mwanga hushuka kwa saa tano hivi, kisha hupanda kwa muda kama huo. Wakati unashuka, nyota *inapatwa*. Ukifika chini kabisa, *imepatwa*. Jambo linalojirudia miaka nenda miaka rudi huchukua hu-: *hupatwa*. Asiandike "inazimika", kwa kuwa haizimiki, inafifia. Wala "inametameta", kwani kumetameta ni kazi ya hewa yetu na kila nyota hufanya hivyo.

Nakuomba umrekebishe jambo moja zaidi, ingawa si la sarufi. "Kila baada ya siku tatu" kunakaribia ukweli, ila muda wenyewe ni siku 2, saa 20 na dakika 49. Anayelinda nyota hiyo lazima ahesabu upungufu huo. Ikifikia kilele cha kupatwa saa sita kamili za usiku, mara ifuatayo itakuwa saa tatu kasoro dakika 11 za usiku, na inayofuata hiyo itaangukia jioni jua likiwa bado halijatua. Aitafute Desemba au Januari, mapema usiku, upande wa kaskazini, karibu nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini, mbali kidogo na Kilimia, kile kishada cha nyota. Taa za Buruburu zitamsumbua hasa nyota ikiwa imefifia, basi achague mahali penye giza na ailinganishe na nyota za jirani kila baada ya saa moja. Kisha aiandike upya insha yake, akieleza kwa "inapatwa" na "imepatwa" kile alichokiona.