Kwa mnaoanza kupima metali nzito kwenye mboga za Bonde la Msimbazi

Wadogo zangu mnaoingia kwenye utafiti huu, wengi wenu mtashuka bondeni mkiwa tayari na jibu: maji ni machafu, basi mboga ina sumu. Mto Msimbazi wa Dar es Salaam unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani hadi baharini, na njiani unapokea maji ya viwanda, machinjio, gereji na vyoo. Hofu ina msingi. Ila kazi yenu ni kujua metali gani imefika kwenye jani, na imepita njia ipi. Usipoijua njia hutakuwa na cha kumshauri mkulima.

Metali mbili tutakazozishughulikia, risasi na kadimiamu, zina tabia tofauti kabisa. Risasi hung'ang'ania udongo na haipandi kirahisi kwenye mizizi, kwa hiyo ukiikuta nyingi kwenye mchicha, shuku kwanza vumbi la barabarani na udongo uliorukia majani wakati wa kumwagilia. Geuza jani la chini la mchicha ulioota karibu na ardhi uone tope lilivyoganda kwenye mishipa yake. Hilo tope likiingia pamoja na jani kwenye tindikali ya kuyeyushia sampuli maabara, umepima udongo ukaandika mboga. Kadimiamu ndiyo inayosafiri: mizizi huinyonya, hasa udongo ukiwa na tindikali nyingi, ikapanda mpaka majanini, na hapo hakuna kuosha kutakakoitoa.

Ndiyo maana nasisitiza: kila fungu la mboga ligawe mara mbili. Nusu ioshwe kama mama anavyoosha nyumbani kabla ya kupika, nusu iache ilivyotoka shambani. Tofauti ya majibu hayo mawili itakueleza mengi. Na popote unapochuma jani, chukua pia udongo wa tuta hilohilo na maji yanayolimwagilia. Usisahau shamba la kulinganishia, lisilotumia maji ya mto. Hata hapo usishangae kukuta kadimiamu, maana mbolea nyingi za fosfeti huwa nayo kiasi.

Sasa jambo linaloharibu ripoti nyingi kuliko yote: uzito mbichi na uzito mkavu. Kiwango cha juu cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa mboga za majani ni miligramu 0.3 za risasi na 0.2 za kadimiamu kwa kilo, na hiyo ni kilo ya mboga mbichi. Maabara hukausha sampuli kwanza. Mchicha ni maji takriban asilimia 90, kwa hiyo gramu 100 zikitoka kwenye oveni zinabaki kama 10 tu. Tuseme mashine imekupa risasi miligramu 2 kwa kilo kavu. Ukiilinganisha moja kwa moja na 0.3, utatangaza hatari karibu mara saba ya kiwango. Ukiirudisha kwenye uzito mbichi unapata 0.2, chini ya kiwango. Kwa hiyo pima uzito kabla na baada ya kukausha, uandike yote mawili. Tangazo kama hilo likitoka kwa makosa, mama anayeuza matembele sokoni ndiye anayekosa wateja.

Vivyo hivyo kwenye maji. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani (WHO) cha risasi kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita, lakini cha Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) kwa umwagiliaji ni 5. Soma jedwali linalohusu kazi yako. Na kumbuka kwamba hicho cha FAO kiliwekwa kwa kuangalia mimea na udongo, hakikuhakikishii usalama wa mlaji.

Kwenye maabara sitakaa sana: loweka vyombo kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10 usiku kucha, na kila kundi la sampuli liwe na sampuli tupu, yaani isiyo na mboga ndani lakini inayopitia hatua zilezile. Risasi iko kwenye vumbi la chumba pia.

Mwisho, wakulima. Ukifika, salimia, jieleze, na nunua hizo mboga badala ya kuomba za bure. Mzee atakuuliza, "Sasa mwanangu, mchicha wangu ni mbaya?" Usimjibu kwa kubahatisha. Mwambie lini utarudi na majibu, na urudi kweli, kabla hujafikiria kuchapisha. Kadimiamu ikikaa kwenye figo huchukua miaka kati ya 10 na 30 kupungua nusu, na kwa watoto hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, kwa hiyo majibu mabaya usiyafiche wala kuyapamba. Tena mweleze kwamba kuchemsha kunaua vijidudu lakini risasi haifi kwa moto. Kisha nenda na la kufanya: chokaa na samadi kupunguza tindikali ya udongo, matuta yasogezwe mbali na barabara, maji yamwagwe kwenye shina bila kurusha tope. Na pale udongo ulipoharibika zaidi, apande mahindi au mabamia badala ya mboga za majani, kwa sababu punje na matunda kwa kawaida hubeba metali kidogo kuliko majani.