Joto la Houston, mwili mdogo, bastola kiunoni

Maswali ya wasomaji. Anayejibu ni mwalimu wa shabaha, mzaliwa wa Tanga, anayewafundisha wanawake mjini Houston, Texas.

*Shikamoo Anti. Nina duka la vyakula vya nyumbani kusini-magharibi mwa Houston: dagaa, unga wa muhogo, mchele, na vitenge vichache. Nafunga saa tatu usiku na mara nyingi natoka na fedha za mauzo. Nina kibali cha kubeba bastola na nimeshanunua SIG P365. Shida ni pa kuiweka. Urefu wangu ni futi 4 na inchi 11, uzito kilo 46. Mume wangu alininunulia holsta, yaani ala ya bastola, ya ngozi ya kuvaa ubavuni, ndani ya suruali. Mpini unanichoma mbavu, na nikiinama kwenye friji la chini wateja wanaona umbo lote. Jasho ndiyo usiseme. Muuzaji wa duka la bunduki kaniambia nivae tisheti kubwa. Shoga yangu ananiambia niache kujitesa, niitie kwenye mkoba, lakini nina mtoto wa miaka minne. Ijumaa huvaa dera. Nifanyeje?*
*Mfupi wa Houston*

Marahaba, mwanangu. Huyo aliyekwambia uvae tisheti kubwa ana urefu wa futi sita, naapa bila kumwona. Tisheti kubwa kwenye mwili wa kilo 46 inaning'inia kila mahali isipokuwa pale ilipokutana na bastola, na hapo ndipo macho ya watu yanapotua.

Tuanze na mbavu zako. Mwanamume mrefu ana nafasi kubwa kati ya mkanda na mbavu, na nyonga zake zimeshuka wima. Wewe kiuno kiko juu, mbavu ziko jirani, na chini ya mkanda mwili unatanuka. Holsta ya ubavuni ikikaa hapo, nyonga inausukuma mtutu nje na mpini unalala ndani mpaka unakugonga. Ngozi iwe ghali kiasi gani, haiondoi hilo. Mumeo kakununulia kwa mapenzi, lakini kakununulia holsta ya mwili wake.

Ihamishe mbele. Walimu wa huku huugawa mwili kama uso wa saa: kitovu ni namba 12, nyonga ya kulia ni namba 3. Sasa hivi uko kwenye 3 au 4. Njoo kwenye 1, kati ya kitovu na mfupa wa nyonga, ikiwa unatumia mkono wa kulia. Hapo mbele mwili hautanuki kama ubavuni, mkono unafika haraka, na ukiinama kwenye friji shati halinyanyuki mgongoni likakuumbua. Unaweza pia kuilinda kwa viganja vyote viwili mtu akikubana kati ya rafu, jambo ambalo kwa mwenye duka lina uzito wake.

Kinachochomoza chini ya nguo ni mpini. Mtutu umezama ndani ya suruali, nani atauona? Wanawake wengi wadogo huhangaika kutafuta bastola yenye mtutu mfupi kabisa, kumbe kinachowaumbua ni urefu wa mpini. P365 ilipotoka mwaka 2018 ilishangiliwa kwa sababu ilimeza risasi 10 za milimita 9 kwenye magazini fupi, kile kikasha cha risasi kinachoingia ndani ya mpini. Ufupi huo ndio mtaji wako. Magazini ya risasi 12 au 15 iwe ya akiba, usiibebe ndani ya bastola.

Halafu tafuta holsta yenye kibawa. Ni kipande kidogo cha plastiki kinachotoka pembeni, chini kidogo ya mpini. Mkanda unakikandamiza, nacho kinaugeuza mpini uelekee tumboni badala ya kutoka nje. Ongeza kabari ya sponji nyuma ya ncha ya chini ya holsta, upande wa mwili: inasukuma ncha mbele, na sehemu ya juu inarudi kifuani. Kabari inauzwa kwa bei ndogo, na unaweza kuikata mwenyewe kwa mkasi mpaka ikukae. Nimeona kibawa na kabari vikificha bastola ileile ambayo dakika tano kabla ilikuwa inaonekana kutoka mlangoni.

Ukikaa ikakuchoma kwenye mkunjo wa paja, usikimbilie kuitupa. Skrubu za holsta nzuri zinakuruhusu kuipandisha au kuishusha. Ipandishe kidogo, sogeza nusu inchi kuelekea kitovuni, kaa tena. Suruali nayo ina neno: zile zinazofika juu ya kitovu zinaupeleka mpini moja kwa moja mbavuni. Chukua za kiuno cha kati, na ununue saizi moja zaidi, maana unaweka kitu ndani yake.

Mkanda ndio unaosahauliwa. Suruali za kike zina vishikio vyembamba na vichache, kwa hiyo mkanda wa bunduki wa inchi moja na nusu, ambao ndio wanaume wanauziwa, haupiti. Tafuta mgumu wa inchi moja au moja na robo, kisha uhakikishe klipu ya holsta ni ya upana huohuo. Klipu kubwa kwenye mkanda mwembamba inacheza, na holsta inayocheza utakuwa unaishikashika mchana kutwa. Hakuna kinachotangaza bastola kama mkono wa mwenye nayo.

Sasa jasho. Agosti 2023 mji huu ulifika nyuzi 109 za Farenhaiti, karibu 43 za Selisiasi, na unyevu wake unaujua. Ngozi inakunywa jasho, inalainika, na mdomo wa holsta unaanza kujikunja ndani. Siku unarudisha bastola, ule mkunjo unaweza kuingia kwenye traiga, yaani kifyatulio. Kwa hali yako chukua Kydex, ile plastiki ngumu inayofinyangwa kwa moto kufuata umbo la bastola yenyewe. Hainywi maji, haibadiliki umbo kwa jasho, unaiosha kwa sabuni. Iwe imetengenezwa kwa P365 hasa, na kama bastola ina tochi, iwe ya P365 yenye tochi hiyohiyo. Zile za kitambaa zinazouzwa kwa kila aina ya bastola ziache dukani. Iwe na ukuta mrefu upande wa mwili, ili chuma kisiguse ngozi yako, na ndani vaa singlendi nyembamba ya pamba iliyochomekwa. Nzuri inakwenda kama dola 60 hadi 100.

Jioni ifute bastola kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Kutu huanza kwenye magazini na skrubu ndogo, mahali ambapo hutazami. Skrubu za holsta nazo hulegea. Tone moja la gundi ya skrubu ya buluu linatosha.

Juu vaa unachokiuza! Nguo ya rangi moja inachora kila kona, hasa nyeupe na kijivu. Maua na michoro ya kitenge inachanganya macho. Blauzi ya kitenge iliyokatwa wima, isiyobana kiunoni, ikashuka inchi nne au tano chini ya mkanda, inaficha P365 vizuri kuliko fulana nzito yoyote, na hewa inapita. Mwambie fundi asikutilie pensi, ile mishono ya kubana kiuno, mbele. Tisheti laini zinazoshika mwili zisahau mpaka Desemba.

Mkoba. Tarehe 30 Desemba 2014, huko Hayden, Idaho, mama mmoja kijana alikuwa kwenye duka la Walmart na watoto. Bastola ilikuwa kwenye mkoba uliotengenezwa maalumu kwa kubebea silaha, wenye mfuko wake wa zipu. Mtoto wake wa miaka miwili aliutia mkono na kumuua mama yake palepale. Wako ana minne, na wa minne ana akili na vidole zaidi. Achilia mbali kwamba mwizi anachokimbilia kwanza ni mkoba. Shoga yako anakupenda, lakini kwa hili usimsikilize. Hapa Texas kumwachia mtoto wa chini ya miaka 17 nafasi ya kuifikia silaha yenye risasi ni kosa la jinai, mbali na msiba wenyewe.

Holsta ya sidiria ukichomoa mtutu unapita juu ya mkono wako mwenyewe na wa aliye kando. Ya kifundo cha mguu unahitaji kuinama nusu ya siku. Ya pajani kwa joto hili inateleza na kuchubua.

Dera ndilo gumu, maana halina mkanda wa kuning'iniza kitu. Bendi za tumbo za mpira zinauzwa kila mahali, na nyingi ni kitambaa kitupu: ukibonyeza kwa nje unaisikia traiga. Hiyo hapana. Ukitaka bendi, iwe na ganda la Kydex lililofunika traiga yote. Kampuni ya PHLster ina mfumo unaoitwa Enigma: bamba lenye mkanda wake mwembamba unaofungwa mwilini, na holsta ya Kydex inakazwa juu ya bamba hilo. Unavaa chini ya dera, chini ya taiti, chini ya chochote. Kuuzoea kunataka subira, na kurekebisha mikanda yake siku ya kwanza kutakuudhi, lakini kwa wanawake wa gauni sijaona kinachoushinda.

Ila kuchomoa! Dera likishuka mpaka vifundoni utalikusanya lote? Fundi anaweza kufungua mshono wa kulia, kiunoni, shimo la kupitisha mkono kama mfuko usio na mfuko. Jaribu bila risasi. Kama baada ya mazoezi bado unapigana na kitambaa, basi Ijumaa ifungie bastola kwenye sanduku la chuma nyumbani, umwombe mumeo aje kufunga duka pamoja nawe. Hilo nalo ni jibu.

Holsta ikifika, usiitie bastola yenye risasi siku hiyo. Toa magazini, vuta nyuma sehemu ya juu ya bastola, tazama chemba, lile tundu la risasi nyuma ya mtutu, ingiza kidole uguse, risasi zikae chumba kingine. Itie ndani usikie ule mlio wa kukaza. Igeuze juu chini juu ya kitanda na uitikise: ikianguka, kaza skrubu au irudishe. Bonyeza pande zote penye traiga. Usisikie chochote kikisogea. Itoe, na mdomo ubaki wazi, ili urudishe kwa mkono mmoja. Kisha ivae hivyohivyo ndani ya nyumba: fua, panda garini na kufunga mkanda, nyanyua mtoto, inama kwenye friji lako. Msalani ndipo wengi hukosea. Usiichomoe kuiweka juu ya tangi la maji. Shikilia mkanda, acha bastola ndani ya holsta yake, suruali ikiwa magotini.

Nakwambia wazi kwamba ukiivaa mbele, mtutu unatazama kinena na mshipa mkubwa wa paja. Ikiwa ndani ya ganda gumu haina ubaya. Hatari iko wakati wa kuirudisha. Nyanyua shati mpaka juu kwa mkono wa kushoto, egemea nyuma kidogo ili nyonga zitangulie, tazama kwa macho, kidole kikiwa mbali na traiga, teremsha taratibu. Pindo la shati au kamba ya blauzi ikiingia kwenye traiga, inafyatua sawasawa na kidole. Hakuna anayekukimbiza unaporudisha. Na mwisho wa siku vua holsta na bastola kwa pamoja, iingie kwenye sanduku hivyohivyo.

Kibali chako kitunze. Tangu tarehe 1 Septemba 2021 Texas haikidai kwa mwenye miaka 21 na zaidi asiyezuiwa na sheria, lakini ukivuka kwenda majimbo mengine kinakufaa. Baa yenye bango jekundu la 51% (yaani zaidi ya nusu ya mapato yake ni pombe inayonywewa hapohapo), shuleni na mahakamani usiingie nayo, kibali au la.

*Anti, mimi ni mwanafunzi kutoka Mwanza, nina viza ya F-1, nasoma Dallas. Wenzangu Wamarekani wote wana bastola. Binamu yangu ana green card, yuko tayari kuninunulia kwa jina lake nimrudishie hela. Kuna ubaya?*
*Msomi wa Dallas*

Upo, mkubwa, na wa watu wawili. Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda kumiliki silaha au risasi, na uhuru wa Texas haukugusi. Kuna vighairi vichache, kama mwenye leseni halali ya uwindaji ya jimbo, na hicho usikitafsiri mwenyewe. Mwone wakili wa uhamiaji kabla hata ya kushika bastola ya rafiki yako kwenye uwanja wa shabaha. Binamu yako naye dukani atajaza fomu 4473, inayouliza kama yeye ndiye mnunuzi halisi. Akiandika ndiyo huku hela ni zako, amesema uongo kwa serikali ya shirikisho, na green card yake anaiweka rehani. Mwambie asante, hapana.